Safari Isiyo na Mwenyeji

Siku ya arobaini ya Shomari nilishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yao, Dunda, Bagamoyo, nikalazimika kushika ukuta kidogo kabla ya kuingia. Magoti yangu siku hizi hayapendi kupanda wala kushuka. Nilipewa nafasi ya kuegemea, kama wanavyopewa wazee, na baada ya hitma ikaletwa pilau kwenye masinia, watu wanne kila sinia. Kwenye sinia langu alikaa mkwe wake Shomari, mwalimu wa sekondari, mtu mpole mwenye kula taratibu. Akaniambia, "Mzee Abdala, marehemu alikuwa akituhadithia mlivyopanga safari ya milimani mwaka mzima, wewe na yeye. Alisema hajapata kuona mtu anayejua kupanga kama wewe." Nikasema ni kweli tulipanga. "Ikawaje?" Nikamjibu, "Tulikwenda, tukarudi." Akacheka, akidhani ni mzaha wa kizee, akanisogezea nyama upande wangu wa sinia. Nilikula kwa adabu. Njiani kurudi nilijiona nimechoka kuliko nilivyokwenda, na haukuwa uchovu wa magoti.

Kwa kuwa sikumjibu mkwe wake, najibu hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa wiki saba nilificha barua moja ili safari yangu isivunjike. Barua hiyo ilikuwa na habari ya mtoto wa mtu, na mama yake alikuwa akinipakulia chakula karibu kila siku. Mengine ya maisha yangu ya wakati ule nayaacha. Hili ndilo la mwaka ule.

Tulipangia safari katika chumba cha uani nyumbani kwa Bi Zaina, dada mkubwa wa mama yake Shomari, aliyemlea Shomari tangu alipoanza kutembea. Kilikuwa stoo ya nazi. Nusu ya chumba zilijaa nazi zilizofuliwa na zisizofuliwa, nusu nyingine palikuwa na kitanda cha kamba cha Shomari na meza ambayo mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha kifuu ili isiyumbe. Kuta hazikufika juu kwenye makuti, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni tulilisikia, na bila shaka na yetu yalisikika kule. Harufu ya mbata ilinishika nguoni hata mama yangu akawa ananiuliza kama nimeajiriwa kukausha nazi. Kazi yangu ilikuwa katika duka la vifaa vya kuandikia, ambako nilipiga chapa na kuwaandikia watu barua za maombi. Shomari alikuwa akiwatembeza wageni kwenye magofu na makaburi ya kale, bila kuajiriwa na yeyote. Mgeni mmoja aliyemaliza safari zake alimwachia kitabu cha kuongoza wasafiri, kimelowa na kukauka, kina sura nzima juu ya milima ya Usambara. Hicho ndicho kilichoanza yote.

Nilikitafsiri kitabu kile kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya kazi. Nikachora ramani upya kwa karatasi ya kunakilia, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino. Safari ingekuwa ya siku kumi na mbili: kwa lori hadi Muheza, kwa miguu kupanda milima ya mashariki, siku nne ndani ya msitu wa mvua, kushuka bonde la Lwengera hadi Korogwe, kisha kupanda tena upande wa Lushoto. Hatukuwa na uwezo wa nyumba za wageni, kwa hiyo tungelala misikitini, kwenye madarasa ya shule na kwenye baraza za maghala. Katika daftari niliandika kila kitu kwa mpangilio: viberiti vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, sufuria moja, chumvi, unga wa muhogo, dagaa, tende, makobazi ya matairi jozi mbili kila mtu. Shomari alikuwa akilala chali kitandani akinisikiliza ninavyosoma, anacheka. "Bwana karani," ananiambia, "umeandika hata saa ya kwenda haja?" Sijui kama naweza kueleza leo nilichokuwa nikikitafuta. Nadhani nilitaka kufika mahali ambapo hakuna mtu atakayeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Vijana wa sasa wanajiunga kwenye makundi ya simu, wanapanda milima ile Ijumaa na Jumatatu wako kazini, wakiwa na picha. Nikiwaona siwaonei wivu. Nachoka tu kwa niaba yao.

Kikwazo hakikuwa unga wala makobazi. Tulipoanza kusema wazi kwamba tunasafiri, Bi Zaina aliuliza swali ambalo kila mtu mzima wa kwetu angeliuliza. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuinua macho.

"Mnakwenda kwa nani huko?"

"Hatuendi kwa mtu, mama mkubwa," Shomari akajibu. "Tunakwenda kuona msitu."

"Msitu upo Miono."

"Ule mdogo, mama."

"Mdogo umeumaliza?"

"Kule kuna na milima. Kuna baridi, kuna maji yanaporomoka kutoka juu. Wageni wanakwenda kila mwaka, na hawana mjomba wala shangazi kule."

"Wazungu hawana watu," akasema Bi Zaina. "Ndiyo maana wanazungukazunguka." Akageuza kifuu, akaendelea kukuna.

Hakutukataza. Lakini kwa desturi yetu mtu hatoki tu. Anatoka kwa sababu ya harusi, msiba, mgonjwa au biashara, na anakwenda kwa mtu mwenye jina na mlango. Safari isiyo na mwenyeji haiombewi dua kwa sababu hakuna anayejua aombe nini. Siku ile ile jioni, kupitia juu ya ukuta, tulimsikia jirani yake, Bi Tatu, aliyekuja kuchukua tui. Akauliza, "Kuna harusi huko?" Bi Zaina akasema hakuna. "Kuna msiba?" Hakuna. "Mgonjwa?" Hakuna. Kisha Bi Tatu akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Basi mmoja wao kampa mtoto wa watu mimba, wanakimbia. Mwangalie yule mwenye daftari." Shomari alijifunika uso kwa mto ili kicheko kisisikike. Mimi sikucheka. Mwezi mzima ukapita hivyo, ruhusa haikutoka na wala haikukataliwa, na daftari langu lilikuwa limekwisha jaa.

Ilikuwa mchana, wali na mchuzi wa papa, tumekaa watatu kwenye mkeka. Bi Zaina alikuwa akisema habari nyingine kabisa, juu ya mvua. Shomari akasema, kama mtu anayeomba apitishiwe maji, "Mama mkubwa, tutapita na kule alikokwenda kaka Mbwana. Tutamtafuta." Mkono wa Bi Zaina ulisimama ndani ya wali.

Mbwana alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikwenda milima ile kupasua mbao, akaandika mara mbili, mara ya tatu akatuma kanga kwa dereva, kisha hakukuwa na neno kwa miaka kumi na mmoja. Pale nyumbani alitajwa kama mtu aliyetoka kidogo. Bi Zaina hakuwahi kumsomea hitma, kwa kuwa hitma husomewa aliyefariki, na hakuwahi kumwacha nje ya dua zake za walio hai. Shomari alimfahamu kwa mbali, kama mtu mrefu aliyekuwa akimbeba mabegani. Najua kwamba alipotoa lile neno hakuwa amelipanga. Alinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikatazama sahani.

Bi Zaina akauliza, "Mnajua alipo?"

"Tutauliza," akasema Shomari.

"Basi kumbe mna mtu," akasema Bi Zaina. Akanawa mikono kabla hajashiba.

Tangu siku ile safari ilipata mwenyeji, na kila mlango ukafunguka. Bi Tatu yule yule alileta blanketi la marehemu mumewe. Kaka yake Bi Zaina wa Miono alituma neno kwamba ametoa radhi. Watu nisiowajua walinisimamisha dukani kuniambia Mbwana alikuwa na kovu juu ya nyusi, kwamba alipenda kuimba akifanya kazi, kwamba alikula kwa mkono wa kushoto hadi alipochapwa akaacha. Bi Zaina alinunua kitambaa cheupe na nyuzi, akaanza kushona kofia kwa mkono, zile zenye matundu madogo ya maua, kazi ya miezi. Aliniita, akaniambia niiname. "Kichwa chake kilikuwa kama chako," akasema, akanizungushia uzi kwenye paji la uso na kuufunga fundo mahali ulipokutana. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya tui. Chumbani nilimwambia Shomari kwamba njia yetu haipiti penye mbao. Kambi ya msumeno ilikuwa upande wa kaskazini, sisi tunakwenda magharibi. Akasema, "Tutarudi tutasema hatukumpata. Kwani tutakuwa tumesema uongo? Hatutampata." Ilikuwa ni hoja ya kijana, na mimi kijana mwenzake niliiona imenyooka.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa kutimiza. Mwezi wa Rajabu niliandika barua saba za kuomba mahali pa kulala, kwa walimu wakuu, kwa maimamu, kwa ofisi ya shamba moja la chai, na kwa kuwa Bi Zaina alikuwa ameomba, kila barua niliongeza mstari mmoja chini: kama mnamfahamu Mbwana Salehe, mpasua mbao, mtu wa Bagamoyo, tafadhalini mtuarifu. Niliuweka mstari ule kama mtu anavyoweka kifungo cha ziada kwenye shati. Majibu mawili yalirudi yakisema karibuni, hawamjui mtu huyo. La tatu lilifika Shaabani, kwa anwani ya dukani, asubuhi ya siku yenye wateja wachache. Lilipigwa chapa vizuri, bila kosa, na hilo nililiona kwanza.

Karani wa shamba la chai aliandika kwamba tunaweza kulala kwenye baraza ya ghala kwa siku mbili bila malipo, tuje na matandiko yetu. Kuhusu mtu tunayemwulizia, alisema alifariki kwenye kambi ya msumeno, kaskazini ya shamba, miaka minane iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa na Waislamu wa pale, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Poleni sana. Chini yake akaongeza kwamba huko mvua huanza mapema, tuje na viatu vizuri.

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Naandika kwa usahihi nilichokifikiri, kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kukipamba na sikufanikiwa. Sikumfikiria Mbwana. Sikumfikiria mama yake. Nilifikiri: safari imekufa. Kukiwa na msiba, Shomari atakaa matangani, mwenyeji wetu atakuwa hayupo tena, na hakuna atakayeturuhusu kwenda kutazama miti juu ya kaburi la mtu. Niliikunja barua, nikaiweka chini ya karatasi za kaboni ndani ya boksi, mahali ambapo mwenye duka hafungui. Jioni nilimwambia Shomari kwamba shamba la chai limetukubalia baraza ya ghala, siku mbili, bila malipo. Lilikuwa jambo la kweli. Akanipiga begani. "Bwana karani," akasema, "wewe ungepanga hata kiyama." Nikaandika kwenye daftari: siku ya tatu na ya nne, barazani, ghala la chai.

Ramadhani ikaingia. Karibu kila magharibi nilifuturu pale, kwa kuwa Bi Zaina alisema msafiri na mwenzake wafuturu pamoja ili wazoeane. Nakumbuka chumba kile cha mbele, taa ya chemli juu ya kabati, mkeka mpya uliokuwa bado unanukia ukindu. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, tambi za nazi, muhogo, kunde, na samaki wa kukaanga aliowaweka upande wangu hata kama nimemwambia nimetosheka. Jioni moja, baada ya uji, alitoa kofia iliyokwisha, akaniambia nivae aone. Iliingia kichwani bila kusukumwa. Akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja. "Mwakani, Mungu akipenda," akasema, "atakaa hapo ulipokaa wewe." Shomari akacheka, akasema, "Na huyu tutamweka wapi, mama mkubwa?" Akajibu, "Huyu ana kwao." Nilivua kofia nikamrudishia kwa mikono miwili. Katika nyumba ile kulisomwa kila siku baada ya alasiri, wanawake watano sita na misahafu yao, na kila siku waliwaombea wafu wao kwa majina. Mbwana aliombewa pamoja na wazima, apate afya na njia ya kurudi. Nilikuwa nikiwasikia kutoka chumba cha nazi, nikiwa na kalamu mkononi, na nilikuwa najua peke yangu duniani, mimi na karani mmoja wa chai, kwamba jina lile limewekwa upande usio wake.

Idd ikapita, na siku sita baadaye, asubuhi, tukasomewa kisomo cha safari. Mwalimu wa madrasa alikaa kati, vitumbua na halua mbele yake. Alipomaliza kusoma akainua mikono, akamwuliza Bi Zaina jina kamili la mtoto. Kisha akaomba kwa sauti: Mola awafikishe vijana hawa salama, na amrejeshe Mbwana bin Salehe kwa mama yake akiwa mzima wa mwili. Watu wote wakasema amin. Nikasema amin. Niliisikia sauti yangu ikitoka sawasawa na za wengine, wala haikutetemeka, na nafikiri tangu hapo sijaiamini sana.

Tulipanda lori la mananasi hadi Msata, na pale tukapata lori la kokoto lililotoka Lugoba kwenda Muheza. Yote yalikwenda kama nilivyoandika. Kesho yake, saa nne asubuhi, tulikuwa chini ya milima, kwenye kijito ambacho kitabu kilisema ndipo msitu unapoanza. Shomari alikuwa ameketi juu ya jiwe, anaosha miguu, ana furaha ya mtu aliyefika. Akasema, "Abdala, hapa hakuna hata mtu mmoja anayemjua mama mkubwa." Nikatoa barua mfukoni nikampa. Sina maelezo kwa nini pale na si kabla. Labda kwa sababu sasa tulikuwa tumeshafika, na hakuna ambaye angeweza kunirudisha.

Alisoma. Akaigeuza bahasha, akatazama muhuri. "Hii ni ya Shaabani," akasema.

"Ndiyo."

"Umekaa nayo."

"Ndiyo."

Alivaa makobazi yake, akafunga mzigo, akashika njia ya kaskazini, ile ya msumeno. Nilimfuata. Tulitembea siku nzima ndani ya msitu ambao nilikuwa nimeuchora kwa wino, nilioujua urefu wa miti yake na majina ya ndege wake kwa kitabu, na ukiniuliza leo ulikuwaje siwezi kusema. Nakumbuka mgongo wa shati lake, la bluu, lililokuwa limeraruka kidogo begani. Nakumbuka kwamba maji yalikuwa yakidondoka mahali bila mvua. Hatukuzungumza isipokuwa penye njia panda.

Kaburi lilikuwa nyuma ya kambi ya zamani ya mbao, kwenye mteremko, limezungushiwa mawe, limepaliliwa. Mzee aliyemwosha Mbwana alikuwa hai bado, anachunga mbuzi wawili, na alituonyesha bila kuuliza sana. Alisema Mbwana aliugua wiki tatu, na alikuwa akiimba hata akiwa kitandani. Shomari alitoa kofia kwenye mzigo, akampa mzee yule. Tukasoma dua. Tulipofika shamba la chai na kukaa kwenye baraza ya ghala, ile ya daftarini, nilianza kusema jambo la kuomba radhi, nikalisema vibaya. Shomari alikuwa akimenya muhogo wa kuchemsha. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema tunakwenda kumtafuta. Wewe hukuwepo kichwani mwangu niliposema. Uongo huu ulianza kwangu." Nikamwambia haifanani. Akasema, "Kula, tushuke mapema." Siku nane zilizobaki katika daftari hatukuzitembea.

Bi Zaina alikuwa uani tulipoingia. Alitutazama nyuma yetu, penye mlango, halafu akatutazama sisi. Shomari alipiga magoti mbele yake, akamwambia yote kwa utaratibu: ugonjwa, wiki tatu, kaburi, mawe, mzee mwenye mbuzi. Hakulia kwa sauti. Aliuliza, "Kofia iko wapi?" Shomari akasema, "Kwa aliyemwosha." Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza lile ambalo kwetu huulizwa katika kila msiba wa mbali, kwa sababu maiti ana haki ya kusomewa tangu habari yake inapofika. "Mmejua lini?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma. Nilikuwa na jibu mdomoni, naweza kuapa hilo. Shomari akasema, "Barua ilikuja Shaabani, mama mkubwa. Sote wawili tuliisoma. Tukanyamaza."

Alimtazama yeye, si mimi. "Wewe, Shomari?"

"Mimi."

"Ramadhani nzima."

"Ramadhani nzima, mama."

"Watu wanasoma humu ndani kila siku," akasema, polepole, kama anayejipangia mwenyewe, "na mwanangu namwombea afya." Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, pasipokuwa na nazi. Kisha akasema, "Nendeni mkawaambie watu. Ijumaa aswaliwe swala ya asiyekuwepo. Nendeni nyumba zote. Na wakiwauliza mmejua lini, waambieni kama mlivyoniambia mimi."

Habari ya msiba kwetu haipelekwi na mfiwa. Hupelekwa na vijana, mlango kwa mlango. Tulianza kwa Bi Tatu. Alisikiliza, akashika mdomo, akauliza kama nilivyojua atauliza. Shomari akajibu kwa maneno yale yale, Shaabani, sote wawili, tukanyamaza. Bi Tatu akamwambia, "Wewe ndiye damu yake, Shomari. Huyu mwenzio ni mtu wa nje, tumwulize nini?" Akanigeukia mimi, akanipa pole. Tulipotoka uchochoroni nikamshika mkono Shomari, nikasema, "Mbona unafanya hivi?" Akasema, "Twende, jua linapanda." Akabisha hodi mlango wa pili.

Baada ya hitma Bi Zaina alihamia Miono kwa kaka yake, akakaa huko hadi alipofariki. Kila Idd Shomari alimfuata kumwamkia. Bi Zaina alipokea shikamoo yake, akaitika marahaba, hakuuliza zaidi, wala hakumwekea sahani. Mimi nilikwenda mara mbili. Mara zote mbili alinipikia.

Nyumba tulizopita siku ile zilikuwa ishirini na tatu. Nilizihesabu njiani, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi niliyoiweza. Mbele ya kila mlango Shomari alisema vile vile, kwa sauti ile ile isiyojitetea, na watu walimtazama yeye kwa muda mrefu, kisha wakanipa mimi mkono kama mtu aliyeingizwa bure katika mambo ya ukoo wa watu. Nilikuwa na milango ishirini na mitatu ya kumkatiza. Ule wa kwanza nilitokwa na jasho. Nilipofika wa mwisho, nilikuwa nimeshazoea.